Kujiridhisha ni hatari kuliko unafiki

Mwanachama wa TANU alipojiunga na Chama alitamka ahadi mbele ya wenzake, na mwanachama wa CCM huzitamka hadi leo: kwamba binadamu wote ni ndugu zake, kwamba cheo ni dhamana, kwamba rushwa ni adui wa haki. Mamilioni ya watu wazima wa nchi hii wamezitamka, na hapana sababu ya kudhani kuwa walizitamka kwa hila. Wengi waliziamini siku ile, na wakiulizwa leo watajibu kuwa wanaziamini bado. Swali gumu huanzia hapo. Ikiwa imani ingalipo, na matendo ya baadhi yao hayafanani nayo hata kidogo, watu hao hupataje usingizi?

Jibu lililozoeleka mikutanoni na magazetini ni kwamba hao ni wanafiki. Neno hilo huchoma, walakini halielezi mengi. Mnafiki ni mtu mwenye madaftari mawili. Katika moja ameandika lililo haki, katika la pili ameandika analolitenda, naye anajua vema kwamba hesabu za madaftari hayo hazipatani. Kazi yake ni kuwaficha wengine lile la pili. Watu wa namna hiyo wapo, lakini si wengi kama inavyodhaniwa, kwa maana kuishi na madaftari mawili kunachosha. Walio wengi zaidi hulichukua daftari la kwanza, wakalifuta taratibu na kuliandika upya mpaka likalingana na la pili. Baada ya hapo hawamfichi mtu kitu. Wamejiridhisha. Na aliyejiridhisha ni hatari kuliko mnafiki, kwa sababu mnafiki angali anajua njia ya kurudi.

Jambo hili lilichunguzwa kwa makini na mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Leon Festinger, katika kitabu chake cha mwaka 1957. Alieleza kuwa mtu anayeshika mambo mawili yasiyopatana hupata udhia moyoni, na udhia huo humsukuma kutafuta nafuu. Mfano wake mmoja ulikuwa wa mvuta sigara aliyeambiwa kuwa tumbaku inaua. Mtu huyo anaweza kuacha sigara, au anaweza kuacha kuamini. Kuacha sigara ni taabu. Maoni ya watu yaliyokusanywa katika jimbo la Minnesota mwaka 1954, ambayo Festinger aliyatumia, yalionyesha kuwa kadiri mtu alivyovuta zaidi ndivyo alivyosita zaidi kukubali kwamba uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu umethibitishwa. Habari zilikuwa zile zile kwa wote. Pakiti iliyomo mfukoni ndiyo iliyoamua nani azisadiki.

Mwaka 1959 Festinger na mwenzake James Carlsmith walitoa matokeo ya jaribio walilolifanya katika Chuo Kikuu cha Stanford. Wanafunzi walipewa kazi ya kuchosha mno, kupanga na kupangua vibiringo vya nyuzi kwenye sinia na kuzungusha vigingi vidogo kwenye ubao, kwa muda wa saa nzima. Kisha waliombwa kumwambia mtu anayesubiri zamu kuwa kazi ile inafurahisha. Baadhi walilipwa dola 20 kwa uongo huo, wengine dola moja. Walipoulizwa baadaye maoni yao ya kweli, wenye dola 20 hawakuisifu kazi. Walioisifu ni wenye dola moja. Aliyelipwa vizuri alikuwa na udhuru: alisema uongo kwa sababu ya fedha, na fedha ilitosha. Aliyelipwa kidogo hakuwa na udhuru wa maana, hivyo aliona heri kuamini kwamba hakusema uongo.

Hapana budi kusema kuwa wataalamu hawajamaliza ubishi. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa na maabara 39 katika nchi 19, ambamo watu waliandika insha za kutetea jambo wasilolipenda. Walioachiwa hiari na walioagizwa hawakutofautiana kama nadharia ilivyotabiri. Lakini waliotetea wasilolipenda, wa hiari na wa amri pia, walionekana kulikubali jambo hilo kuliko wale walioandika habari nyingine isiyohusika. Mkono ulitangulia, moyo ukafuata. Kwa hiyo maabara ichukuliwe kama kibatari tu. Mwanga mkubwa zaidi umo katika historia ya nchi hii yenyewe.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa vyuo vingine, waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho yao kupinga utaratibu mpya wa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa sehemu ya mshahara. Katika maelezo yao walisema kuwa wakilazimishwa, miili yao itakwenda lakini roho zao zitabaki nje ya mpango huo. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu wanafunzi 400, na siku hiyo hiyo akaamua kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wa vijana hao waliruhusiwa kurudi masomoni mwaka uliofuata, na si wachache waliokuja kushika madaraka makubwa.

Maneno yale yalikuwa ya jeuri, na jeuri ile ilistahili kukaripiwa. Walakini yalikuwa na ukweli ambao vijana wenyewe yamkini hawakuukusudia. Anayeshurutishwa waziwazi hapati taabu ya moyo. Anayo sababu tayari, ya kwamba alilazimishwa. Miaka michache baadaye jambo hilo lilionekana vijijini kwa ukubwa wa kutisha. Mwaka 1968, katika Uhuru na Maendeleo, Mwalimu aliandika kwamba mtu hawezi kulazimishwa kuingia katika kijiji cha ujamaa. Novemba 1973 ilitolewa amri kwamba kila mtu awe anaishi kijijini ifikapo mwishoni mwa mwaka 1976, na mahali pengi amri hiyo ilitekelezwa kwa nguvu, nyumba zikabomolewa na nyingine kuchomwa moto. Mkulima aliyepakiwa kwenye lori pamoja na vyungu vyake alihamisha mwili. Moyo wake ulibaki kwenye mihogo na mikorosho aliyoiacha, na hapana aliyehitaji kumweleza tofauti.

Aliyehitaji kujieleza alikuwa ofisa aliyesimama kando ya lori. Huyo alifundishwa kuwa ujamaa ni hiari, na kwa macho yake ameona paa likishushwa huku mwenye nyumba akipiga kelele. Hakuweza kuzirudisha nyumba zile. Kilichobaki ni maneno, na maneno yakabadilika. Kazi ile ikaitwa operesheni. Vijiji ambavyo vilipaswa kuwa vya ujamaa vikaanza kuitwa vijiji vya maendeleo. Kwa kuwa Chama kiliahidi hiari katika ujamaa, na hivi havikuwa tena vijiji vya ujamaa, basi ahadi haikuvunjwa! Hapana haja ya kufikiri kuwa kuna mtu aliyeketi akalitunga jambo hilo kwa ujanja. Huja lenyewe, kwa mtu mmoja mmoja, jioni anapojaza taarifa ya kazi.

Waliotunga Azimio la Arusha walionekana kuujua udhaifu huu wa binadamu vizuri sana. Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Arusha kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, na Azimio likatangazwa tarehe 5 Februari. Sehemu yake ihusuyo uongozi haikuishia kumtaka kiongozi awapende wakulima na wafanyakazi. Ilitaja vitu vinavyohesabika. Asiwe na hisa katika kampuni yoyote. Asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari. Asipokee mishahara miwili au zaidi. Asiwe na nyumba ya kupangisha. Na kwa kuwa watungaji waliijua nchi yao, walifafanua kuwa kiongozi maana yake ni mtu pamoja na mkewe, au mtu pamoja na mumewe. Miiko hiyo haikungoja moyo wa mtu utakaswe. Ilikusudia kuziba njia kabla mtu hajaipita, maana akishaipita atapata tu sababu ya kuiita barabara.

Wapo waliotii. Mama Maria Nyerere aliachana na mradi wake wa kuku. Yuko pia aliyekataa, na kukataa kwake kunafaa kukumbukwa. Bibi Titi Mohamed, ambaye tangu mwaka 1955 alifanya kazi isiyo na mfano ya kuwaingiza wanawake katika TANU, alikuwa na nyumba za kupangisha na hakukubaliana na sharti lile. Mwaka 1967 alijiuzulu nafasi yake ya uongozi katika Chama. Wengi walimlaumu kwa kuchagua nyumba. Wanaweza kumlaumu bado. Lakini Bibi Titi hakusema kwamba nyumba zake si nyumba, wala kwamba Azimio lilikusudia watu wengine. Alizitazama hesabu mbili zisizopatana, akasema hazipatani, akaondoka. Chama kilipoteza kiongozi, lakini maneno ya Azimio yalibaki na maana yake.

Madhara makubwa zaidi yalifanywa na waliobaki wakalitafsiri. Nyumba iliandikishwa kwa jina la mtoto, au la kaka, au la mjomba aliyeko shamba ambaye hajawahi kuiona. Mwanzoni mtu huyo alijua alichokifanya na aliona haya kidogo. Kodi ya kwanza alipoipokea alijiambia kuwa anaishika kwa niaba ya mtoto, ambaye kweli anahitaji ada. Mwaka wa pili hakujiambia kitu. Mwaka wa tatu alimwona mwenzake mwenye nyumba mbili, akajisikia kuwa yeye ni mtu wa kiasi. Mwaka wa tano alisimama mkutanoni akawalaani mabwanyenye, kwa sauti isiyotetemeka na kwa moyo mweupe kabisa, kwani kufikia hapo bwanyenye alikuwa ni mtu mwenye nyumba nne. Msikilizaji aliyeijua nyumba ile ya Kinondoni au ya Magomeni alimwita mnafiki. Alikosea. Mzungumzaji alikuwa akisema analoliamini.

Haki inadai kusema pia kwamba njaa ilikuwapo. Baada ya Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, na kupanda kwa bei ya mafuta, thamani ya mshahara ilianguka vibaya. Katika miaka ya 1980 ofisa mwaminifu ambaye mshahara wake ulikwisha kabla ya nusu ya mwezi alifuga kuku na ng'ombe nyuma ya nyumba, mkewe akakaanga maandazi ya kuuza. Asubuhi mtu huyo huyo alikwenda ofisini kuitekeleza sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, ambayo kwayo muuza maandazi asiye na kibali alikamatwa kama mzururaji. Hapo lawama hazina budi kupungua. Sheria iliyomlazimu kila mtu aivunje ili watoto wale ilikuwa kiwanda cha kujiridhisha. Mtu akishajifunza kujisamehe jambo la haki, ni rahisi kujisamehe na la pili ambalo halina haki yoyote.

Februari 1991 Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ilikutana Zanzibar. Mwalimu alikuwa ameacha uenyekiti wa Chama mwaka uliotangulia. Kwa uamuzi wa kikao hicho viongozi na wanachama waliruhusiwa kumiliki hisa, kuwa wakurugenzi wa makampuni, kupokea zaidi ya mshahara mmoja na kupangisha nyumba. Watetezi wa uamuzi huo wana hoja ya kusikilizwa: sharti lisilofuatwa na wengi hufundisha watu kuyadharau masharti yote, na afadhali kuliondoa kuliko kulicheka. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kamili kama jambo lenyewe lingesemwa kwa jina lake, kwamba taifa liliahidi hivi, limeshindwa, na sasa linaahidi vingine. Badala yake wananchi waliambiwa habari ya kwenda na wakati. Siasa ya Ujamaa na Kujitegemea haikufutwa. Ibara ya tatu ya Katiba ya nchi ingali inasema kuwa Jamhuri ya Muungano ni nchi ya kijamaa, na mwanafunzi wa darasa la saba akiuliza neno hilo lina maana gani sasa, mwalimu wake atapata shida. Daftari la kwanza lilifutwa kwa ustadi kiasi kwamba jalada halikuguswa.

Ufundi huo wa kuliacha neno na kuondoa maana, au kuiacha dhambi na kuibadili jina, ulionekana tena katika uchaguzi. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa, na kilichotolewa na mgombea kwa wapiga kura kwa nia njema kama ukarimu wa jadi kikatambuliwa kuwa si rushwa. Kiliitwa takrima. Ni neno zuri, lenye harufu ya karamu na kumkirimu mgeni, na ndiyo maana lilifaa. Ilikuwa mpaka Aprili 2006 ndipo Mahakama Kuu, kwa shauri lililofunguliwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na wenzao, ikaamua kuwa vifungu hivyo vinapingana na Katiba.

Wengi walioitetea takrima walisema kuwa ni vitu vidogo: khanga, chumvi, sukari, chakula cha mkutano. Nani atauza kura yake kwa kilo ya chumvi? Hapo ndipo ile dola moja ya Stanford inaporejea akilini. Mpiga kura akipewa fedha nyingi hujua kwamba amenunuliwa, na ndani ya chumba cha kura aweza kumgeuka mnunuzi bila kujuta. Lakini aliyepewa khanga na kuivaa, akaimba mbele ya majirani zake, ana neno la kujieleza kwake mwenyewe. Hawezi kukiri kwamba aliimba kwa ajili ya khanga. Ni aibu, khanga ni kitu gani? Basi huona heri kuamini kuwa mgombea yule ni mtu mwema, mwenye kujali wanyonge. Mwenye kitenge cha mpinzani naye hufanya vivyo hivyo. Ama yule anayepokea kutoka pande zote husema kwamba ni jasho lake linamrudia, usemi ambao una ukweli ndani yake na ambao kwa sababu hiyo hiyo humlaza fofofo.

Ni kosa kudhani kuwa binadamu hana njia nyingine. Mwaka 1977, miaka 10 baada ya Azimio, Mwalimu aliandika taarifa ya kulipima. Angeweza kuhesabu shule, visima na zahanati zilizojengwa, ambazo zilikuwa nyingi, kisha akatangaza kwamba huo ndio ujamaa. Alizihesabu, halafu akasema bila kificho kuwa Tanzania bado si nchi ya kijamaa na bado haijajitegemea. Mwaka 1984 alikiri hadharani kwamba kuvunja serikali za mitaa na vyama vya ushirika kulikuwa kosa. Mtu anaweza kuhoji kwa nini hakukiri mapema zaidi, na kuhusu uhamisho wa vijiji wengi wangependa kusikia maneno makali kuliko yaliyosemwa. Walakini alikuwa ameiacha rula mahali pake. Kijitabu cha Tujisahihishe cha mwaka 1962 kilitoka katika mkono huo huo, na mafunzo ya Chama kwa miaka mingi yalishika desturi ya kukosoa na kujikosoa. Desturi hiyo haikuwa pambo. Mtu mwenyewe hawezi kulisoma daftari alilokwisha kulifuta. Anayeweza ni jirani, au mwenzake wa tawi, aliyekuwapo siku lilipoandikwa mara ya kwanza.

Desturi ile sasa imedhoofika, na mahali pake imewekwa sheria. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 haimkatazi kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha wala hisa. Inamtaka azitaje. Kila mwaka, kabla ya tarehe 31 Desemba kupita, kiongozi hupeleka tamko lake kwenye Sekretarieti ya Maadili akiorodhesha mali na madeni yake, ya mke au mume wake, na ya watoto wake walio chini ya umri wa miaka 18 na ambao hawajaoa wala kuolewa. Ni kazi ya maana, na wapo watumishi wanaoifanya kwa uaminifu kwa mshahara usiolingana na uzito wake. Lakini waliotunga miiko ya mwaka 1967 waliposema mtu na mkewe, nyumba zilikimbilia kwa watoto na wajomba. Katika tamko la leo mtoto akitimiza miaka 18 hutoka kwenye orodha, na tangu mwanzo hapakuwa na safu ya kaka, wala ya mjomba, wala ya shemeji.